Kitabu cha majedwali cha shilingi 3,000 na kikokotoo cha shilingi 15,000: nilivyovipima kwa fizikia ya kidato cha tatu

Mwezi wa kwanza nilinunua vitu viwili katika duka moja la vifaa vya shule pale Kariakoo, vyote kwa ajili ya mpwa wangu aliyekuwa anaingia kidato cha tatu: kitabu cha majedwali ya hisabati ya tarakimu nne kwa shilingi 3,000, na kikokotoo cha kisayansi, cha chapa ambayo sikuwahi kuisikia kabla ya siku hiyo, kwa shilingi 15,000. Muuzaji alinitazama kwa mshangao kidogo. “Mwalimu, ukishachukua mashine, hicho kitabu cha nini tena?” Nilimjibu kwa mkato kwamba shule imekiagiza, nikalipa, nikaondoka. Nimevitumia vyote viwili muhula mzima, nyumbani pamoja na mpwa wangu na kila Jumamosi katika darasa la tuisheni ninalofundisha Morogoro, na sasa naona swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile nililomwachia kaunta.

Kipimo nilichotumia ni kimoja. Wanaoanza fizikia hawapotezi alama nyingi kwa kutojua kanuni. Wengi huikariri kanuni vizuri, wakaingiza sentimita mahali panapotaka mita, au wakabonyeza logi isiyo yake, na jibu likatoka safi kabisa lakini halina uhusiano wowote na dunia tunayoishi. Kwa hiyo sikujali sana kama jalada linapendeza au vitufe vinang’aa. Nilitaka kujua ni kipi kati ya viwili hivi kinachomsaidia mtoto kuviona vizio vyake, na ni kipi kinachomfichia.

Jaribio la kwanza lilikuwa la pendulamu. Uzi una urefu wa sentimita 86, mvutano wa dunia ni 9.8, tafuta muda wa mtikiso mmoja, yaani kwenda na kurudi. Mpwa wangu alichukua kikokotoo, akagawa 86 kwa 9.8, akatafuta kipeuo cha pili, akazidisha kwa 2 na kwa pai, akaandika sekunde 18.6 bila wasiwasi. Kikokotoo hakikukosea hata chembe. Kiliulizwa swali la uzi wa mita 86, kikalijibu. Tukafunga kokoto kwenye uzi, tukaupima kwa rula, nikamwambia aubembeze huku mimi nikishika saa ya simu. Alihesabu mitikiso kumi, na saa ilisoma karibu sekunde 18.6. “Si unaona, mjomba, ni 18.6!” Ilinichukua dakika nzima kumwonyesha kwamba hiyo ni mitikiso kumi, na kwamba mmoja ni sekunde 1.86. Bahati ilituchezea, kwa sababu kosa lake lilikuwa la mara kumi kamili na sisi tulihesabu mitikiso kumi kamili, lakini namba zenyewe zilikuwa zimetuonyesha jambo ambalo kitabu cha majedwali kilikuja kulieleza vizuri kuliko mimi.

Tulilirudia swali lilelile kwa kitabu. Logi ya namba ni kipeo ambacho kumi hupandishwa ili kuipata namba hiyo, na antilogi ni safari ya kurudi; kwa logi, kuzidisha hugeuka kujumlisha na kugawa hugeuka kutoa. Logi ya 0.86 ni baa 1.9345, yaani hasi moja ikifuatwa na desimali chanya 0.9345, ile hasi huandikwa kwa kistari juu ya tarakimu, ndicho tunachokiita baa. Logi ya 9.8 ni 0.9912. Ukitoa, unabaki na baa 2.9433. Kipeuo cha pili ni kugawa logi kwa mbili, kwa hiyo unapata baa 1.4717. Ongeza logi ya 6.283, ambayo ni 0.7982, na jumla inakuwa 0.2699. Ukiingia kwenye jedwali la antilogi unatoka na 1.862, tofauti ya 0.001 tu na jibu la kikokotoo. Kisha nikamwambia arudie hatua zote kwa 86 badala ya 0.86, kama alivyofanya mwanzo. Logi ya 86 ni 1.9345. Alisimamisha kalamu. “Mbona ni ileile?” Akaendelea: 0.9433, kisha 0.4717, kisha 1.2699, na antilogi yake ni 18.62. Tarakimu zile nne za baada ya nukta zilipita kwenye hesabu yote bila kuguswa, na kilichobadilika ni sehemu nzima iliyo mbele ya nukta.

Hapo ndipo shilingi 3,000 zilipojilipa. Kubadili sentimita kuwa mita, gramu kuwa kilo, au mili kuwa mikro ni kuzidisha kwa kumi zilizopandishwa kipeo fulani, na katika logi za kizio cha kumi, yaani zilizojengwa juu ya vipeo vya kumi, jambo hilo hugusa sehemu nzima peke yake. Mantisa, yaani hizo desimali, haitikisiki. Mwanafunzi anayetumia majedwali analazimika kuitafuta mantisa kitabuni na kuitunga sehemu nzima kwa akili yake mwenyewe, kwa sababu kitabu hakina safu yake. Yaani kila mara anapofungua jedwali anaulizwa, bila mtu wa kumwuliza: hii namba yako ni ya makumi, ya mamia, au ni sehemu ya mia? Kikokotoo hakimwulizi hivyo. Kinapokea 86, kinaendelea na safari.

Siku nyingine tulikwenda kujaza upepo tairi la pikipiki, na kijana wa pancha akasema anaweka 32. Nikamwuliza mpwa wangu, 32 za nini? Geji ile ilikuwa ya pauni kwa inchi ya mraba, kizio ambacho kitabu cha fizikia cha shule hakishughuliki nacho, ingawa kila gereji inakitumia. Pauni moja kwa inchi ya mraba ni karibu paskali 6,895. Tuliporudi nyumbani tulijumlisha 1.5051, ambayo ni logi ya 32, na 3.8385, ambayo ni logi ya 6,895, tukapata 5.3436, antilogi yake ni 2.206 mara kumi kipeo cha tano, yaani paskali 220,600. Kikokotoo kilitoa 220,640. Kwa geji ya gereji ambayo sindano yake inatetemeka kama jani, tarakimu nne ni nyingi kupita kiasi, na nilifurahi kuona mtoto analisema hilo mwenyewe. Angalia pia kwamba safari hii mantisa zilibadilika. Inchi na pauni hazikupangwa kwa makumi, kwa hiyo kuzihamisha kuna gharama ambayo sentimita na mita hazina, na kwenye majedwali gharama hiyo unaiona kwa macho.

Kuna mantisa moja ambayo darasani kwangu imekuwa kama jina la mtu: 5563. Ni ya 3.6. Kubadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde ni kugawa kwa 3.6, kwa hiyo basi la kilomita 80 kwa saa lina logi ya 1.9031, unatoa 0.5563, unabaki na 1.3468, na hiyo ni mita 22.22 kwa sekunde. Wiki mbili baadaye tulifika kwenye umeme. Uniti moja ya umeme, ileile unayoinunua kwa simu na kuingiza kwenye mita, ni kilowati moja ikitumika kwa muda wa saa moja, sawa na jouli 3,600,000, na logi yake ni 6.5563. Darasa lilipiga kelele. Sababu ni moja katika hali zote mbili, nayo ni saa yenye sekunde 3,600, lakini nimefundisha uniti za umeme kwa miaka mingi kwa kikokotoo na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzihusisha na mwendokasi wa basi.

Sasa kasoro za kitabu, na si chache. Karatasi ni nyepesi kiasi kwamba safu za ukurasa wa nyuma zinaonekana kupitia mbele, na mwanafunzi anayesoma kwa taa ya sola anaweza kuingia mstari usio wake kwa urahisi sana. Namshauri kila mmoja awe na kipande cha manila cha kuweka chini ya mstari anaousoma. Safu za tofauti, zile ndogo za upande wa kulia zinazotumika kwa tarakimu ya nne, zimechapwa kwa herufi ndogo mno, na katika mistari ya 10 hadi 19, ambako logi hupanda haraka na kila mstari umepewa tofauti za aina mbili, moja kwa nusu ya kwanza na nyingine kwa nusu ya pili, wino umekolea mpaka 3 na 8 zinafanana. Kwenye jedwali la kosaini tofauti hutolewa badala ya kujumlishwa, kwa kuwa kosaini hushuka pembe inapopanda. Kitabu kinasema hivyo juu ya ukurasa, lakini kwa maandishi ambayo mwanafunzi hawezi kuyaona mpaka aoneshwe.

Kubwa zaidi ni kosa la uchapaji. Katika mstari wa 47, chini ya 3, nakala yetu ina 6479. Logi ya 4.73 ni 0.6749. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na mtoto anayefanya hesabu usiku peke yake hana wa kumwambia. Hata hivyo kosa lilijifichua lenyewe: jirani wa kushoto ni 6739, wa kulia ni 6758, na jedwali la logi halirudi nyuma kamwe. Aliyeliona ni mwanafunzi wa kike wa darasa la Jumamosi, akidhani ni yeye asiyejua kusoma. Tangu siku hiyo nawafundisha wote kuangalia majirani kabla ya kuchukua namba, na nakushauri ukinunua kitabu cha aina hii ufungue kurasa nne tano palepale dukani na kupitisha macho kwenye mistari. Muuzaji atakununia kidogo, lakini fedha ni zako.

Ukurasa wa mwisho una orodha ya vizio vya kubadilisha. Inchi ni sentimita 2.54, maili ni kilomita 1.609, pauni ni kilo 0.4536, ekari ni mita za mraba 4,047. Hizo ziko sawa. Galoni imeandikwa lita 4.546 bila maelezo yoyote, na hiyo ni galoni ya Uingereza. Ya Marekani ni lita 3.785, na tofauti kati ya hizo mbili ni karibu robo tatu ya lita ya maji ya kunywa. Orodha haikutaja hata kipimo kimoja cha kwetu. Sikutegemea nione pishi wala frasila, ingawa watoto wangefaidika kujua kwamba pishi ni vibaba vinne na kwamba babu zao walibadilisha vizio sokoni bila kikokotoo chochote. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna mstari hata mmoja wa kubadili sentimita za mraba au za ujazo kuwa mita, wakati humo ndimo wanafunzi wanamozama: sentimita mia hufanya mita moja, lakini mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, na mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo milioni moja. Densiti ya zebaki, gramu 13.6 kwa sentimita ya ujazo, ni kilo 13,600 kwa mita ya ujazo, na kila mwaka napata wanafunzi wanaoiandika 0.0136 kwa sababu wamegawa kwa elfu wakasahau upande wa chini.

Kitabu hakina logi asilia, zile ambazo kizio chake si kumi bali e, namba ya karibu 2.718. Ukizihitaji, kwa mfano katika hesabu za nusumaisha, yaani muda wa dutu yenye mnururisho kupungua hadi nusu, unazidisha logi ya kumi kwa 2.303, au unaikwepa kazi hiyo kwa kugawanya logi mbili za kizio kimoja. Aidini-131 ina nusumaisha ya siku 8 hivi. Itachukua muda gani kubaki sehemu moja ya kumi? Gawanya 1, ambayo ni logi ya kumi, kwa 0.3010, ambayo ni logi ya mbili, upate 3.322, kisha zidisha kwa 8: siku 26 na nusu na ushei. Kizio cha logi kinajifuta chenyewe katika mgawanyo huo, na ukielewa hilo hupungukiwi kitu kwa kukosa jedwali la pili.

Kwa jumla kitabu hiki ni kitoto cha kazi ya zamani sana. John Napier wa Uskoti alichapisha logi zake mwaka 1614, Henry Briggs akasafiri kwenda Edinburgh kumwona mwaka uliofuata, na mwaka 1624 Briggs akatoa majedwali makubwa ya logi za kizio cha kumi, zenye sehemu nzima na mantisa kama hizi tunazozitumia Morogoro. Uamuzi wa kuzijenga juu ya kumi ndio uliofanya mantisa ya 86 na ya 0.86 iwe moja. Logi asilia hazina upole huo.

Kikokotoo, sasa. Kwa mtazamo wa haraka ni kizuri: kifuniko kinateleza na kukaa nyuma, skrini ina mistari miwili, swali juu na jibu chini, na kinatumia betri moja ndogo ambayo imemaliza muhula bila kulegea. Vitufe vya herufi ndogo vimeanza kufutika rangi, hasa kile cha kugeuzia, ambacho kidole hukigusa kila dakika. Hayo ningeyavumilia.

Kinachonisumbua ni kitufe cha vipeo. Kimeandikwa EXP, na maana yake ni “mara kumi kipeo cha”. Kwa hiyo ukitaka 2.5 mara kumi kipeo cha hasi sita unabonyeza 2.5, EXP, hasi 6, basi. Karibu kila mwanafunzi niliyemkabidhi alibonyeza 2.5, mara, 10, EXP, hasi 6, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoandika daftarini, na kikokotoo kikamzidishia kumi moja ya ziada kimyakimya. Tulikuwa na swali la waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, aina ambayo mafundi umeme huitumia kwenye soketi, wenye urefu wa mita 20. Kwanza mpwa wangu alikubali, baada ya mabishano, kwamba milimita moja ya mraba ni mita za mraba kumi kipeo cha hasi sita, wala si hasi tatu. Kisha akaingiza ukinzani mahususi wa shaba, 1.7 mara kumi kipeo cha hasi nane, kwa mtindo wake wa kubonyeza 10 na EXP. Akaingiza na eneo kwa mtindo uleule, kila kimoja ndani ya mabano yake. Jibu lilitoka 0.136, na 0.136 ndilo jibu sahihi. Makosa mawili yaliuana, kumi ya juu ikafutwa na kumi ya chini, akapata vema na tabia mbaya ikapata zawadi. Swali lililofuata lilikuwa na kipeo kimoja tu, na jibu likatoka mara kumi zaidi. Alikasirika na betri.

Kuna na jambo la skrini. Jibu dogo huonyeshwa kama 1.36 ikifuatwa na nafasi, kisha hasi 11 kwa tarakimu ndogo pembeni juu. Wanafunzi wananakili wanachokiona: 1.36 kipeo cha hasi 11. Hiyo ni namba nyingine kabisa. Nimeshakutana na daftari ambalo ukurasa mzima umejaa namba za namna hiyo, zote zimenakiliwa kwa uaminifu kutoka kwenye skrini.

Nikisifie kwa jambo moja ambalo kitabu hakiliwezi. Kitufe cha ENG huliandika jibu kwa vipeo vinavyokwenda kwa tatutatu, na kila ukikibonyeza nukta inahama hatua tatu. Kilo, mega, mili, mikro na nano zote zimepangwa kwa tatutatu, kwa hiyo 0.0000025 inageuka 2.5 na hasi 6, na mwanafunzi anasoma palepale: mikro 2.5. Hiki ndicho kitufe ambacho ningependa kila mwalimu wa fizikia akitumie wiki ya kwanza, na ndicho ambacho sijawahi kuona mwanafunzi akikibonyeza kwa hiari yake.

Pembe nazo zina vizio, jambo ambalo kikokotoo hulikumbusha kwa njia ya kikatili. Saini ya 30 inapaswa kuwa 0.5. Siku moja darasani tulipata 0.5, hasi 0.988 na 0.454 kutoka kwenye vikokotoo vitatu vilivyokaa dawati moja, kwa sababu kimoja kilikuwa kwenye digrii, kingine kwenye radiani, na cha tatu kwenye gradi, kizio ambacho mwenyewe hakujua kama kipo duniani. Alama ya D, R au G ipo juu ya skrini, ndogo kama punje ya ulezi. Majedwali hayana hatari hiyo, kwani safu ya pembeni imeandikwa digrii na dakika na hakuna la kuchagua.

Vivyo hivyo kwa logi mbili. Vitufe vya log na ln vimekaa bega kwa bega. Tulikuwa tunatafuta kiwango cha sauti ya spika ya ukumbi, ambayo nguvu yake kwa mita ya mraba ni wati kumi kipeo cha hasi 5, tukiilinganisha na kiwango cha chini cha kusikika, wati kumi kipeo cha hasi 12. Uwiano ni kumi kipeo cha saba, logi yake ni 7, na kiwango ni mara kumi ya hiyo, desibeli 70. Mmoja akaandika 161. Alibonyeza ln. Hakushtuka, kwa sababu desibeli kwake zilikuwa namba tu. Nilitumia nafasi hiyo kuwauliza kwa nini tuligawa kwanza ndipo tukatafuta logi, na ilichukua muda kabla ya mmoja kusema kwamba huwezi kutafuta logi ya wati. Ndivyo ilivyo, logi hutafutwa kwa namba tupu, na kizio lazima kiondoke kwa kugawanywa na kizio kingine cha aina yake kabla ya kuingia mlangoni.

Jaribio la mwisho lilivikutanisha vyote viwili. Tulirudi kwenye pendulamu, tukapima mitikiso kwa nyuzi sita za urefu tofauti, tukachora grafu ya logi ya muda dhidi ya logi ya urefu. Kundi la kwanza lilitumia mita, la pili sentimita, na sikuwaambia. Mistari yote miwili ilinyooka na mwinamo wa yote ulikaribia 0.5, kama kanuni inavyotaka, lakini mmoja ulikuwa umesogea hatua mbili kamili kulia kwa mwingine. Kwa mita, mstari wa kinadharia hukata mhimili wima kwenye 0.3026, kwa sentimita, kwenye baa 1.3026. Waliokuwa na kitabu waliona mantisa ileile na wakajua papo hapo kilichotokea. Wa kikokotoo walikuwa na 0.3026 upande mmoja na hasi 0.6974 upande mwingine, namba mbili zisizofanana hata kidogo, wakaanza kutafuta nani amepima vibaya.

Hiyo ndiyo hatari ya kuchanganya vifaa hivi bila mwongozo. Kikokotoo hakina baa. Logi ya 0.0361 kwenye kitabu ni baa 2.5575, na kwenye skrini ni hasi 1.4425, ni namba moja iliyovaa nguo mbili. Mwanafunzi anayeichukua baa 2.5575 na kuibonyeza kama hasi 2.5575 atatoka na 0.00277 badala ya 0.0361, na hatajua kwa nini. Ukimnunulia mtoto vyote viwili, kama nilivyofanya, keti naye nusu saa umwonyeshe hilo kwanza.

Nani anunue nini? Kwa Tanzania uamuzi wa nusu umeshafanywa: mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne hauruhusu vikokotoo na unaruhusu majedwali, kwa hiyo kitabu hakikwepeki. Kenya mtihani wa hisabati wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, unaruhusu vyote viwili, isipokuwa pale swali linapoagiza vingine, na maswali yanayodai majedwali ya logi yamekuwapo. Kwa kidato cha kwanza na cha pili ningenunua kitabu peke yake na kuiacha ile 15,000 mfukoni. Kuanzia kidato cha tatu kikokotoo kinahitajika, kwa sababu vitendo vya maabara vina namba nyingi na muda ni mfupi. Kwa anayeweza kuongeza fedha, kikokotoo cha chapa inayojulikana kitamtendea vizuri zaidi kuliko hiki chetu; Casio fx-991ES Plus, kwa mfano, ina orodha ya kubadili vizio 40 ndani yake, na kitufe chake cha vipeo kimeandikwa wazi “×10” na mahali pa kipeo, jambo linaloondoa nusu ya malalamiko yangu. Ile orodha ya vizio yenyewe nisingemwonyesha mtoto kabla hajaweza kubadili pauni kwa inchi ya mraba kuwa paskali kwa mkono.

Kitabu nakipa alama nane kwa kumi, moja ikiwa imekwenda na 6479 na nyingine na karatasi. Kikokotoo nakipa tano. Mpwa wangu amekifunika kitabu kwa gazeti na juu yake ameandika 5563 kwa kalamu nyekundu. Kikokotoo anakiazimisha kwa rafiki zake, kitabu hakiazimishi.